Paraphernalia: mali ya mke iliyoishia kuwa vikorokoro

Anayesoma Kiingereza hukutana na neno paraphernalia mahali penye vitu vingi visivyo na mpangilio: nyaya, lenzi na chaja za mpiga picha, bendera na fulana za kampeni, sufuria na mahema ya wapanda mlima, au kiko na mizani ndogo ambavyo polisi wa Marekani wamevikuta chini ya kiti cha gari. Mwingereza akiulizwa maana yake atasema ni vikorokoro vya shughuli fulani, na pengine atalitamka kwa kejeli kidogo. Hajakosea. Ila neno hili halikuzaliwa stoo. Lilizaliwa kwenye mikataba ya ndoa, likakaa mahakamani kwa karne nyingi, na lilikuwa na maana finyu iliyoweza kupimwa kwa uzito wa dhahabu: mali ya mke isiyoingia katika fungu alilokabidhiwa mume. Kamusi hulimaliza kwa mistari mitatu. Mistari hiyo haidanganyi, lakini haielezi kwa nini neno la heshima vile liliporomoka, na jibu liko kwa wanasheria zaidi kuliko kwa wanaisimu.

Vipande vyake ni viwili, vyote vya Kigiriki. Para ni kando ya, au pembeni mwa. Pherne ni mali aliyoingia nayo mwanamke kwenye ndoa kutoka kwao, na shina lake ni pherein, yaani kubeba au kuleta. Hapa msomaji wa Kiswahili asijichanganye: pherne si mahari. Mahari hutoka upande wa mume kwenda kwa mke, au kwa wazazi wake, kutegemea mila na dini. Pherne ilikwenda njia ya kinyume, ikatoka kwa familia ya mke na kuingia nyumbani kwa mume, naye akaisimamia kwa matumizi ya nyumba hiyo mpaka ndoa iishe. Kwa hiyo parapherna ni vile vilivyokuja pembeni mwa fungu hilo: mke kaja navyo, viko chini ya paa la mume, lakini havimo katika hesabu aliyokabidhiwa.

Mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, yaliyofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, yana mikataba ya ndoa ya enzi za utawala wa Warumi inayoonyesha jambo hili likitendeka. Vito huandikwa kimoja kimoja kwa uzito wa dhahabu yake, na nguo huandikwa na bei. Msomaji wa leo anaweza kuona ni uchoyo kupima hereni za bibi arusi mbele ya mashahidi, lakini karatasi ile haikuandikwa kwa ajili ya siku ya arusi. Iliandikwa kwa ajili ya siku ya kuachana.

Warumi walilichukua neno la Kigiriki jinsi lilivyo. Ulpian, mwanasheria wa mji wa Tiro aliyeuawa mnamo mwaka 223, analitaja katika kifungu ambacho kaizari Justinian alikihifadhi kwenye mkusanyo wake wa sheria, Digesta, wa mwaka 533. Anasema hivi ndivyo Wagiriki wanavyoviita parapherna, na Wagali, watu wa Ufaransa ya kale, wanaviita peculium, yaani mali ndogo ya mtu binafsi. Kisha anaeleza desturi aliyoiona ikifanywa na watu wengi mjini Roma. Mke huandika orodha ya vitu anavyovitumia nyumbani kwa mume na ambavyo hakuvitoa kama dos, neno la Kilatini lenye maana ileile ya pherne. Humpa mume orodha hiyo, naye hutia sahihi kama mtu anayekiri kupokea. Orodha inabaki kwa mke.

Swali la Ulpian ni la kisheria kabisa: je, sahihi ile inamfanya mume kuwa mwenye mali? Anajibu kwamba hapana. Vitu vinaendelea kuwa vya mke, na orodha ipo ili siku wakitengana mume asije akakana kwamba viliwahi kuingia nyumbani kwake. Akikataa kuvirudisha, njia ya kumshtaki inategemea alivipokeaje. Kama alikabidhiwa avitunze, mke anafungua shauri la amana au la wakala. Kama hakukabidhiwa, bali amevizuia tu, yapo mashauri mengine ya kudai kilichochukuliwa au kumlazimisha akilete mbele ya hakimu.

Katika maandishi hayohayo kuna jambo jingine linaloonyesha kwa nini mpaka kati ya mafungu haya mawili ulikuwa na thamani ya fedha. Nguo ikiingizwa kwenye dos na kuwekewa bei, hatari ya kuchakaa inamwangukia mume. Mke ataivaa mpaka iishe, ndoa itavunjika, na mume atadaiwa bei iliyoandikwa siku ya kwanza kana kwamba nguo bado mpya. Ndiyo maana Ulpian anasema mara nyingi ni kwa manufaa ya mume vitu visithaminiwe, hasa wanyama na mavazi anayoyatumia mke. Gauni lililobaki pembeni ya dos halina shida hiyo. Ni la mke, na likichakaa limechakaa mikononi mwa mwenyewe.

Mwaka 450 makaizari Theodosius na Valentinian walikaza zaidi: kuhusu vitu alivyonavyo mke nje ya dos, ambavyo Wagiriki huviita parapherna, mume hana ubia wowote mke akimkataza, wala hana ruhusa ya kumlazimisha lolote. Sheria yenyewe inakiri kwamba ingekuwa vyema mwanamke aliyemkabidhi mume nafsi yake amwachie na mali zake azisimamie. Kisha inaendelea kusema kwamba, hata hivyo, akikataza, amekataza. Kwa mwanamke asiyekuwa tena chini ya mamlaka ya baba yake, parapherna ilikuwa mali kamili. Hili tulishike, maana Waingereza watalichukua neno hilohilo na kulipindua.

Nchi zilizofuata mkondo wa Kirumi hazikulipindua. Kanuni ya sheria za kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilisema kwamba mali zote za mke zisizowekwa kwenye dos ni paraphernaux, na mke ndiye msimamizi wake, ingawa kuziuza alihitaji idhini ya mume au ya mahakama. Ufilipino, iliyorithi sheria za Kihispania, ilikuwa na kifungu cha 135 katika kanuni yake ya mwaka 1950 kikitaja mali aliyoingia nayo mke kwenye ndoa kuwa paraphernal, iwe ni ardhi, nyumba au fedha. Mwanasheria wa Manila wa miaka ya 1960 angeshangaa kusikia kwamba London neno hilo linamaanisha makorokoro ya mpiga picha.

Uingereza mambo yalikwenda kwingine kwa sababu ya kanuni iliyoitwa coverture, yaani hali ya mke kufunikwa na mume. Kwa maelezo ya mwanasheria William Blackstone, katika kitabu cha kwanza cha Commentaries, maelezo yake ya sheria za Uingereza, kilichotoka mwaka 1765, mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na uwepo wa mke kisheria unaahirishwa ndoa inapodumu. Matokeo yake kwenye mali yalikuwa makali. Fedha, samani, ng'ombe, vito na nguo alivyokuwa navyo msichana vilikuwa vya mume tangu siku ya ndoa, moja kwa moja, bila karatasi. Ardhi haikuhama umiliki, lakini kodi na mazao yake aliyachukua mume.

Katika mazingira hayo parapherna ya Kirumi haikuwa na pa kukaa. Mke hana mali, basi mali yake ya pembeni itatoka wapi? Hata hivyo wanasheria walilihitaji neno kwa jambo moja dogo. Mume akifa, vitu vyake vyote vinapita kwa wasimamizi wa mirathi, na kwa mantiki kavu ya sheria hata gauni alilovaa mjane ni la marehemu. Mahakama hazikuwa tayari kumvua mjane. Zikalichukua umbo la Kilatini cha zama za kati, paraphernalia, kivumishi cha wingi kilichosimama badala ya bona paraphernalia, na kulitumia kwa nguo na mapambo ya mwili yanayolingana na hadhi ya mke.

Blackstone analieleza katika kitabu cha pili, cha mwaka 1766, sura ya 29, na maelezo yake yana uchungu uliojificha. Mume hawezi kuyatoa kwa wasia mapambo na vito vya mke wake. Ila akiwa hai, anasema, huenda ana uwezo wa kuviuza au kuvigawa, kama ana roho mbaya ya kuutumia uwezo huo. Mke akiendelea kuvitumia mpaka mume afe, atavishika dhidi ya wasimamizi wa mirathi na watu wote, isipokuwa wadai pale ambapo mali ya marehemu haitoshi kulipa madeni. Nguo zake za lazima hata wadai hawazigusi.

Ukivunja maneno hayo vipande unapata utaratibu ambao mahakama zilifuata mjane alipokuja kudai. Kwanza iliulizwa kama kitu ni cha mwilini. Mkufu, saa, pete na shanga za lulu vilipita, kabati na vyombo vya fedha vya mezani havikupita. Kisha ikaulizwa kama alivivaa. Haikuhitajika avivae kila siku, kuvivaa kwenye sikukuu na hafla kulitosha, lakini almasi zilizokaa kwenye sanduku la mume na kutolewa kwa hisani yake zilileta ugomvi. Iliangaliwa pia hadhi: vito vya mke wa lodi, yaani mkabaila, vilikubaliwa kuwa paraphernalia, na vitu vilevile kwa mke wa muuza nyama vingetiliwa shaka. Mwisho yakaja madeni. Katika shauri la Tipping dhidi ya Tipping, mwaka 1721, mjane alitangulizwa mbele ya watu walioachiwa zawadi kwenye wasia. Mbele ya wadai hakutangulia, isipokuwa kwa nguo zake.

Kosa lililowagharimu wengi ni kutokujua zawadi imetoka kwa nani. Jaji Lodi Hardwicke aliliweka wazi katika shauri la Graham dhidi ya Londonderry, mwaka 1746. Vito alivyotoa mume ili mke avivae kama pambo la mwili ni paraphernalia tu. Vilivyotoka kwa baba yake au kwa mtu wa nje vilihesabiwa kuwa mali yake ya pekee, ambayo mahakama ya usawa, ile iliyolegeza ukali wa sheria ya kawaida, ilikubali kuilinda. Tofauti si ndogo. Mali ya pekee mke aliweza kuiuza au kuiandikia wasia. Paraphernalia hakuweza kuiuza mume akiwa hai, na akitangulia kufa yeye, hakuwa na cha kumwachia binti yake: mkufu ulibaki wa mume kama ulivyokuwa. Shauri hilohilo lilisema pia kwamba mume akiweka mkufu rehani na kufa bila kuukomboa, mjane ana haki ukombolewe kwa fedha za marehemu, kama zipo za kutosha baada ya madeni. Angekuwa ameuuza kabisa, mjane asingekuwa na la kusema.

Kwa Mwislamu wa Lamu au Unguja wa karne hiyohiyo sheria hii ingeonekana kituko. Qurani, katika Surat An-Nisaa, inaamuru wanawake wapewe mahari yao (4:4) na inasema wanawake wana fungu katika walichokichuma (4:32), na kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ndoa haihamishi mali ya mke kwenda kwa mume. Mke aliweza kumiliki nyumba na shamba na kuviuza. Mwingereza mwenzake hakuwa na uhakika hata wa hereni.

Sasa turudi kwenye swali la kuporomoka. Kufikia katikati ya karne ya 18 neno lilikuwa limeshatoka mahakamani na kuanza kutumiwa kwa mali ndogondogo za mtu yeyote, na kabla karne haijaisha likawa pia la vifaa vya shughuli. Watu wengi hueleza mabadiliko haya kana kwamba maana za maneno hupanuka zenyewe kama unga uliotiwa hamira. Mimi naona sababu iko kwenye sheria yenyewe. Chini ya Warumi neno lingeweza kubeba mashamba na fedha zilizokopeshwa. Chini ya coverture lilibaki na vitu vya kuvaa peke yake: kofia, gauni, mikufu, utepe. Mali ikishapunguzwa mpaka kuwa mapambo, ni rahisi kwa wanaume wanaoandika magazeti kulitumia neno lake kwa mapambo yoyote, na baadaye kwa chochote kinachoonekana kingi na kisicho na uzito. Kejeli iliyomo kwenye neno leo ni ya urithi.

Sheria za Uingereza za mali ya wake, za mwaka 1870 na 1882, ndizo zilizoliondolea neno kazi yake. Ya kwanza ilimwachia mke mshahara na mapato ya jasho lake. Ya pili, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883, ilimruhusu mke kumiliki, kuuza na kurithisha mali kana kwamba hajaolewa. Mwenye mali kamili hahitaji kulindwa hereni.

Kisarufi neno ni wingi kwa asili, lakini Kiingereza cha sasa kinakubali kitenzi cha umoja na cha wingi. Halikubali s mwishoni, na anayetaka kutaja kimoja husema kipande cha paraphernalia. Kosa la tahajia linaloongoza ni kuitupa r ya pili, kwa sababu wazungumzaji wengi hawaitamki. Zihesabu herufi: zikiwa 12 badala ya 13, umeiacha.

Marekani imelirudisha neno mahakamani kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka 1979 serikali ya nchi hiyo ilitoa kielelezo cha sheria ambacho majimbo yangeweza kukiiga, kikipiga marufuku vifaa vya dawa za kulevya kwa jina la drug paraphernalia. Mwaka uliotangulia kijiji cha Hoffman Estates, karibu na Chicago, kilikuwa kimetunga kanuni yake: duka linalouza vifaa vilivyobuniwa au kutangazwa kwa matumizi ya bangi au dawa haramu lipate leseni ya dola 150, na liandike jina na anwani ya kila mnunuzi, daftari likaguliwe na polisi. Duka moja lililouza sahani za muziki, vito na viko lilipinga, kwa hoja kwamba maneno yale hayaeleweki. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo.

Lakini ugumu ulikuwa wa kweli. Kijiko ni kijiko. Sheria ya shirikisho iliyotungwa mwaka 1986 inajaribu kuutatua kwa kutaja vitu kwa majina, ikiwemo vijiko vidogo vya ujazo usiozidi sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, kisha inaiambia mahakama iangalie mazingira: maelekezo yaliyoambatana na kitu, tangazo lake, kilivyopangwa dukani, na kama muuzaji ni mfanyabiashara halali wa tumbaku. Ndiyo maana karatasi ileile ya kusokotea inauzwa bila shida kaunta moja na kuleta mashtaka kaunta nyingine. Athari mbaya zaidi ilijitokeza kwenye vipande vya kupimia fentanyl, dawa kali inayoua hata kwa kiasi kidogo. Kielelezo cha 1979 kilijumuisha vifaa vya kupimia dawa, hivyo katika majimbo mengi kipimo kinachoweza kuokoa maisha kilikuwa haramu, mpaka majimbo hayo yalipoanza kurekebisha sheria zao.

Kwetu Afrika Mashariki, neno lenyewe halisikiki sana mahakamani, ila sheria iliyolizika ilifika. Kenya ilitumia ile sheria ya Uingereza ya 1882 kwa miongo mingi. Jaji Trevelyan alithibitisha mwaka 1971, katika shauri la I dhidi ya I, kwamba inatumika nchini humo, na haikuondoka mpaka Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, kifungu cha 19. Sheria hiyo mpya, kifungu cha 15, na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 61, zinasema kinyume cha alichosema Hardwicke: mwanandoa akimpa mwenzake kitu, inachukuliwa kwamba kimekuwa cha aliyepewa moja kwa moja, mpaka anayepinga alete ushahidi. Mkufu aliokununulia mume ni wako akiwa hai na akiwa amekufa.

Wazo la vitu vya mwilini na vya ndani kutengwa na mirathi nyingine limebaki katika Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160. Marehemu asiyeacha wasia akiacha mke au mume mmoja na watoto, kifungu cha 35 kinampa aliyebaki vitu vyote vya matumizi binafsi na vya nyumbani viwe vyake kabisa, na haki ya kutumia mali iliyobaki maishani mwake. Tafsiri ya vitu hivyo iko kifungu cha 3: mavazi, mapambo, samani, picha, vyombo, hata chakula na vinywaji. Gari halimo, wala kitu chochote kilichohusiana na biashara au taaluma ya marehemu. Hapo ndipo familia hugombana, kwa kuwa cherehani iliyokaa sebuleni miaka yote huonekana kwa kila mtu kuwa ya nyumbani. Kama marehemu alikuwa fundi nguo na alishonea wateja pale, inakwenda kwenye fungu jingine.